Konya kwa Maulana Rumi: mwongozaji, sema, supu ya bamia na chumvi ya mpishi

Naanza na hesabu, maana najua wengi mnaingia kusoma maoni kwa ajili hiyo. Ziara ya siku mbili Konya, Uturuki, tulilipa dola 60 kila mtu: mwongozaji, gari la kwenda Meram, pembeni mwa mji, na viti vya kutazama sema, ile ibada ya madarweshi ya kuzunguka, Jumamosi usiku. Treni na hoteli juu yetu wenyewe. Wakala simtaji. Siku ya kwanza alituacha stesheni saa nzima na nusu, simu inaita haipokelewi, kisha akatuma kijana mwenye kibendera aliyetupeleka moja kwa moja duka la mazulia. Binti wa kaka yangu akamfokea kwa Kituruki chake cha sokoni mpaka muuza zulia mwenyewe akaona aibu. Baada ya hapo ndipo alipoletwa mzee aliyetuongoza. Kwa hiyo nyota zangu ziko hivi: wakala mbili, mzee tano, na akiongeza moja kwa siri sitakataa.

Mimi ni mama lishe, Ngamiani, Tanga. Mbaazi za nazi na maandazi asubuhi, wali na samaki mchana. Binti wa kaka yangu hufuata nguo Istanbul, mitaa ya Laleli, na safari hii mzigo wake ulikuwa unasubiri kufungwa, siku nne hana la kufanya. Akaniuliza, "Shangazi, nikupeleke kuona bahari au kwa Maulana?" Bahari ninayo.

Treni ya mwendo kasi inaondoka upande wa Asia wa Istanbul, kituo kinaitwa Söğütlüçeşme (nimenakili kwenye tiketi, msiniulize kinavyotamkwa), na hadi Konya ni karibu saa tano. Aliyepanda SGR ya Dar kwenda Dodoma hatashangaa sana. Nje ni tambarare tupu, mashamba ya ngano yaliyokwisha kuvunwa. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Chukueni sweta. Wanaokwenda Desemba wanakwenda kwa ajili ya tarehe 17, siku aliyofariki Maulana mwaka 1273, ambayo wenyeji hawaiiti siku ya msiba. Wanaiita Şeb-i Arus, usiku wa arusi. Vitanda vinakuwa adimu wiki hiyo, kama Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa.

Kwa nini mama lishe wa Tanga aende kwa mshairi wa Kiajemi aliyezikwa Uturuki? Kwa sababu ya shoga yangu. Amefariki Februari, kansa ya shingo ya kizazi, na tulikuwa na kibanda kimoja miaka 22. Mimi moto, yeye chumvi. Sikumbuki tuligawanaje hivyo, ila katika miaka 22 sijawahi kutia chumvi kwenye sufuria la biashara. Sasa kwetu mume akifa kuna eda, miezi minne na siku kumi, na hata mwenye roho ngumu atakunyamazia. Ndugu akifa unakaa kwenye mkeka, watu wanaingia mmoja mmoja kukupa pole. Shoga akifa hakuna mkeka wako. Mimi msibani nilikuwa mpishi. Nilipika pilau ya hitma masufuria matatu, na kila aliyeingia jikoni aliniuliza sahani ziko wapi. Makaburini kwetu wanawake hatuendi, basi hata alipolazwa sijapaona. Siku ya nne nikafungua kibanda, mteja wa kwanza akauliza, "Mwenzako leo kachelewa?"

Hayo nimeyasema ili mjue napima huduma hii kwa kipimo gani.

Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, ana kofia ya sufu na viatu vilivyopigwa rangi vizuri. Anakariri beti kwa Kiajemi, anazieleza kwa Kituruki na Kiingereza, binti wa kaka yangu ananitilia Kiswahili. Kwa hiyo beti mtakazozisoma hapa zimepita midomo mitatu. Aliniita abla, dada mkubwa, ingawa ananizidi miaka kumi na tano. Kabla ya chochote akaniuliza nafanya kazi gani. Nilipomwambia akasimama katikati ya barabara: "Pilau mnaiitaje kwenu?" Pilau. "Na sambusa?" Sambusa. Biriani? Biriani. Bustani, bandari? Akacheka, akasema mnasema Kiajemi kila siku na hamjui, basi tunaelewana.

Makumbusho ya Mevlana yamefunguliwa 1927. Kabla yake ilikuwa zawiya, nyumba ya ibada ya mamurid wake, yaani wafuasi, ikafungwa 1925 pamoja na zawiya zote Uturuki. Sisi hatukutozwa kiingilio. Unavalishwa vifuniko vya plastiki juu ya viatu, unaingia. Kuba lake ni la vigae vya rangi ambayo watu wa Tanga nitawaambia tu ni bahari ya Raskazone saa nne asubuhi maji yakijaa. Ndani kuna makaburi mengi yaliyofunikwa nguo, mengine na kilemba kichwani. La Maulana ni kubwa, limetandikwa nguo ya nyuzi za dhahabu, na pembeni kuna kaburi la baba yake lenye sanduku la mbao la kuchonga, refu kama limesimama. Watu husimulia kuwa baba aliinuka kumpa mwanawe heshima alipoletwa kuzikwa. Mzee alisema kwa sauti ya chini kuwa sanduku lile mwanzo lilikuwa la Maulana mwenyewe, likahamishiwa kwa baba, na hadithi ikaja baadaye. Nilimpenda kwa hilo. Waongozaji wengine wangekuacha na muujiza.

Kilichonishika si dhahabu. Wanawake walikuwa wamesimama mbele ya kaburi, mikono imefunguliwa, wanalia wazi, na hakuna aliyewaambia rudini nyumbani. Nikasimama nao. Sikulia. Nilikuwa najifunza tu namna ya kusimama.

Tukaenda kwa miguu hadi msikiti wa Shams, si mbali. Hapo ndipo mzee alipotusimulia kwa utulivu, tumeketi kwenye benchi, na ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi. Maulana alikuwa mwanachuoni mwenye wanafunzi na heshima ya mji, umri miaka 37, alipokutana na Shams wa Tabriz mwaka 1244. Mzururaji, mkali wa maneno. Wakajifungia wakiongea siku hadi siku, wanafunzi wakaona wivu, Shams akaondoka kwenda Damascus. Mtoto wa Maulana akatumwa kumrudisha, akamrudisha, na haukupita muda mrefu akatoweka tena, safari hii moja kwa moja. Wapo wanaosema aliuawa akatupwa kisimani. Kaburi lake lipo hapa Konya, na jingine lipo Khoy, Iran. Rafiki ana makaburi mawili na hakuna mwenye hakika na hata moja.

Nikamuuliza mzee: watu walimwambiaje? Maana si ndugu yake. Si mke, si mtoto. Akasema walimwambia hivyohivyo, basi, yatosha, una darasa linakusubiri. Yeye akaenda Damascus mwenyewe kumtafuta, zaidi ya mara moja, akarudi mikono mitupu. Na mashairi ndipo yalipomtoka, maelfu kwa maelfu ya beti, na kwenye mengi, pale mwisho ambapo mshairi huweka jina lake, ameweka la Shams. Mwanawe aliandika kwamba mwishowe baba aliacha kutafuta, akasema yule ninayemtafuta ndiye mimi, nizunguke nikitafuta nini. Mzee aliongeza kwamba wasomi hulieleza jambo hili kwa maneno makubwa ya kufutika kwa nafsi, lakini yeye baada ya kufiwa na mkewe alianza kukuta mkono wake unakunja taulo kama alivyokuwa akikunja mkewe. Hakusema zaidi. Binti wa kaka yangu alitafsiri hiyo akanyamaza kidogo.

Sasa jikoni. Wageni wengi hupita jikoni mwa zawiya haraka kwa sababu kumewekwa masanamu ya watu waliovalishwa nguo, wanapiga picha, wanatoka. Mimi nilikaa. Mtu aliyetaka kuwa darweshi aliletwa kwanza humu, si msikitini wala darasani. Alikaa siku tatu juu ya ngozi ya kondoo karibu na mlango, kimya, akitazama kazi inavyofanyika. Akikubali anaanza siku 1001 za utumishi, kufagia, kuosha vyombo, kubeba maji, kwenda sokoni. Kujifunza kuzunguka kulifanyika kwenye ubao wenye msumari, mguu wa kushoto unaushika kwa vidole, na chumvi inamwagwa ubaoni ngozi isichubuke. Mwaka wa pili au wa tatu wa maombolezo, nadhani, ni kama siku 1001 hizo: hakuna anayekuuliza unajisikiaje, unaosha sufuria.

Humo mzee akatoa kisa cha dengu, kilichomo katika kitabu cha tatu cha Mathnawi, utenzi mkubwa wa Maulana. Dengu ziko jikoni zinachemka. Moja ikaruka hadi mdomo wa sufuria ikamlalamikia mwanamke anayepika: uliponinunua ulinithamini, mbona sasa unaniunguza? Mwanamke akaigonga kwa mwiko. Chemka vizuri, usirukeruke. Sikuchemshi kwa kuwa nakuchukia, bali upate ladha, uwe chakula, uchanganyike na roho ya mtu. Yale maji uliyoyanywa bustanini ulipokuwa kijani yalikuwa kwa ajili ya moto huu. Na mimi mwenyewe, anasema, zamani nilikuwa udongo kama wewe, nikachemshwa. Dengu ikatulia, ikasema kama ni hivyo, nigonge na mwiko, unagonga vizuri.

Nilicheka, maana aliyeandika amewahi kusimama mbele ya jiko. Dengu zilizolowekwa huruka kweli maji yakikolea, na mkono unakwenda kwenye mwiko wenyewe. Lakini nilimbishia. Nikamwambia mzee, mwanamke yule anajua anachopika na saa ngapi kitaiva. Shoga yangu alichemshwa na nani? Alipopungua mpaka bangili zikamtoka mkononi, hiyo ilikuwa ladha gani? Nilidhani atanipa hadithi nyingine. Akavua kofia akajikuna kichwa. "Abla, mke wangu amefariki 2011. Mimi bado naruka."

Kwa jibu hilo pekee nampa nyota tano.

Kuna jambo jingine alilonieleza tukiwa tunatoka, nami ningependa liandikwe kwenye kila nyumba ya msiba pwani nzima. Mathnawi, zaidi ya beti elfu 25 katika vitabu sita, Maulana hakuiandika kwa mkono. Alisema, na Husamuddin, mwanafunzi wake, akaandika, mchana na usiku, barabarani, hamamuni. Kitabu cha kwanza kilipokwisha, mke wa Husamuddin akafariki. Kazi ikasimama. Miaka miwili. Kitabu kikubwa kuliko vyote vya zama zao kimelala, na Maulana, ambaye maneno yalikuwa yanamfurika, hakumkimbiza yule mwandishi wala hakutafuta mwingine. Walipoanza tena, mwaka wa 662 wa Hijria, ubeti wa kwanza wa kitabu cha pili ulisema tu kwamba Mathnawi imechelewa kidogo, kwani damu inahitaji muda kugeuka maziwa.

Nimenyonyesha watoto wanne. Sijapata kusikia mwanamume akilisema hilo.

Maana mimi walinipa siku nne. Na arobaini ilipopita dada mmoja wa mtaa, mtu mwema kabisa, akaniambia, "Si utafute msaidizi sasa, kijana wa kutia chumvi hakosekani."

Jumamosi usiku tukaenda kwenye sema, katika jumba la utamaduni la Mevlana. Jina lisiwachanganye. Kwetu sema ni kufungua mdomo, kwao linatokana na samaa ya Kiarabu, kusikiliza. Kama umewahi kuona Maulidi ya Homu Zanzibar utaanza kutafuta mshindo na vifua vinavyopumua pamoja, na hutaupata. Hapa kuna ukimya mwingi, na mtu asiye na subira atasinzia. Jirani yangu alisinzia. Mwingine mbele yetu alipiga picha kwa tochi baada ya kuombwa asifanye hivyo, kwa Kituruki na kwa Kiingereza.

Kofia ndefu ya sufu waliyovaa ni jiwe la kaburi. Joho jeusi ni kaburi lenyewe. Nguo nyeupe ya ndani ni sanda ya nafsi. Wanaingia wamezikwa, wanazunguka ukumbi mara tatu polepole wakiinamiana, kisha wanavua joho jeusi na kuanza kuzunguka, mkono wa kulia umetazama juu, wa kushoto chini. Hayo mzee alikuwa ametueleza njiani, la sivyo ningeona sketi tu. Mwisho husomwa aya ya Al-Baqara, popote mnapoelekea huko uko uso wa Mwenyezi Mungu, na mwili uliokuwa unageukia pande zote ukasimama papo hapo.

Mimi lakini nilishindwa mapema, kabla hata ya mzunguko. Kabla yao inapigwa nai, filimbi ya tete, peke yake. Nai naijua, nimekulia kwenye taarabu, redio ya baba ikishika Zanzibar usiku. Sikujua hadithi yake. Mathnawi inaanza na nai: sikiliza inavyolalamika, inasimulia kutengana, tangu nilipokatwa kwenye matete, wanaume kwa wanawake wamelia kwa sauti yangu. Tete limekatwa, likatobolewa, likaondolewa utumbo wote, ndipo likatoa sauti. Pale gizani nikalia kilio nilichokuwa nakidaiwa tangu Februari, kamasi na yote, na mama wa Kituruki upande wa pili akanipa leso bila kugeuza shingo. Mnaokwenda, bebeni leso zenu.

Onyo dogo la maduka. Duka moja la zawadi, silitaji, liliniuzia nai "ya tete halisi" kwa ajili ya mjukuu. Nimefika hotelini nikaipasha kwenye kikombe cha chai, ikanuka plastiki. Na kwenye sumaku za friji kila mahali mtakuta lile neno lake, nilikuwa mbichi, nikaiva, nikaungua. Nilimwambia mzee kwa mpishi hiyo ya tatu ni hasara, mteja hali. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema amewaongoza maprofesa na mimi ndiye wa kwanza kusikitikia chakula.

Chakula basi. Etliekmek ni mkate mwembamba wenye nyama ya kusaga juu, mrefu kama ubao wa kupigia pasi, unaliwa moto. Mzuri, ila mara mbili inatosha. Supu ya bamia ndiyo iliyonitoa jasho: vibamia vidogo kama kucha, hukaushwa vikiwa vimetungwa uzi kama shanga, hupikwa na nyama na ndimu hadi supu inakuwa chachu wala haina ule utelezi wetu. Wanaila arusini, katikati ya vyakula vizito. Nilimwomba mpishi atoke jikoni. Alitoka. Tulielewana kwa vidole, ndimu ngapi, dakika ngapi, na nimerudi na nyuzi mbili za bamia kwenye begi.

Asubuhi ya mwisho gari likatupeleka Meram, kwenye kaburi ambalo vikundi vingi havifiki, na kama wakala wenu atalitoa kwenye ratiba mkatalieni. Ni la Ateşbaz Veli, mpishi wa Maulana, aliyefariki 1285. Kajengewa kuba la mawe mekundu. Mpishi! Hadithi ni kwamba siku moja kuni ziliisha, Maulana akamwambia weka miguu chini ya sufuria, moto ukatoka vidoleni chakula kikaiva. Kidole kimoja kikaungua kwa kuwa moyo ulisita kidogo, naye akakifunika kwa kidole cha mguu mwingine kwa haya. Ndiyo maana wale wa sema wakiinama huweka kidole gumba cha mguu wa kulia juu ya cha kushoto. Nilikuwa nimekiona usiku ule nikadhani ni baridi.

Pale kuna chumvi. Anayekuja huacha chumvi kidogo na huchukua kidogo kwa ajili ya jiko lake, apate baraka. Mimi sikuwa na ya kuacha. Mzee akatoa mfukoni kifuko cha karatasi, alikuwa amekuja nacho kutoka nyumbani kwake, akanigawia nusu niiweke kwa jina langu. Akaniuliza jina la shoga yangu ili aiweke nusu yake kwa jina hilo. Alilitamka vibaya, akarudia, akalipata.

Chumvi yangu niliifunga kwenye kona ya kanga. Forodhani Dar afisa aliiuliza ni nini, nikamwambia chumvi, akaniangalia, akaniruhusu.

Jumatatu nimefungua kibanda saa kumi na moja alfajiri. Mbaazi zilipoiva nikasimama na sufuria muda mrefu, kisha nikatia mwenyewe. Mteja wa kwanza, kijana wa bodaboda anayekula kwetu tangu anasoma shule ya msingi, akaonja, akasema, "Mama, leo chumvi imezidi."

Nikamwongezea nazi.